Mtani Aliyekuja na Adabu

Siku tuliyomzika mjomba wangu Kasele, mjomba mwenyewe alitokea uani kabla jua halijafika utosini. Nawaambia nilimwona kwa macho haya. Koti lake la kaki lenye harufu ya moshi, mguu wa kushoto anauburuta, mkononi ameshika mwenge wa kufukizia nyuki. Akasimama katikati ya waombolezaji, akapaza sauti: "Nani amegusa mizinga yangu? Nimefumba macho kidogo tu, mmeshaanza kulamba vidole?"

Wanawake waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nimeoa juzi tu, mke wangu Nyamizi alikuwa kando yangu, akanibana mkono nikadhani utakatika. Hakuwa mjomba, bila shaka. Alikuwa Bi. Mwanahawa, Mzaramo wa mjini, mtani wetu. Alikuwa amevaa nguo za marehemu, na ule mwendo wa kuchechemea aliupatia kuliko mwenyewe.

Mjomba alikuwa mrina asali. Alitengeneza mizinga ya magome ya miti, akaitundika miomboni, mwendo wa siku tatu kutoka nyumbani, na hakuna aliyejua asali yake ilipo ila yeye na nyuki wake. Sasa yule mama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ghala, akatoka na kibuyu cha asali kichwani, akapita mbele ya wazee wote huku akitangaza kama mnadi wa sokoni: "Nachukua! Mnaniona? Mwanahawa nachukua asali ya mvivu huyu! Nyinyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, leo mbebeni mwenzenu!"

Baba yangu, ambaye kwa kawaida hakumchekea mtu, akamjibu: "Chukua, mwizi wa pwani wewe! Ukifika nyumbani nyuki wakufuate mpaka chumbani!"

Baadaye nikamuuliza baba kwa nini wanamwachia. Akanieleza mambo ya misafara. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa kutoka huku kwetu Tabora hadi pwani, wakafika kwa Wazaramo wamechoka, wana njaa. Wakagombana, wakapatana, wakazikana njiani. Mwisho wakakubaliana kutaniana. Mtani anaweza kukutukana, kuchukua kuku wako, kukalia kiti chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ndivyo baba alivyosema, nami nikayaweka kichwani pamoja na mengine ya misibani, nikaenda kulima tumbaku yangu.

Najua mnaulizana kwa macho. Mzee tumemwita atueleze udiwani, mbona anatuzika na mjomba wake? Tulieni. Nyinyi mnaotaka kuchukua fomu mwaka huu mna haraka sana. Mimi nilikuwa diwani vipindi vitatu, na elimu yangu ni darasa la nne, tena la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Kama mimi niliweza kungoja mpaka nikaelewa, nanyi mtaweza.

Kwanza niwape ya kushika. Mwaka wangu wa kwanza nilisaini karatasi bila miwani. Mtendaji wa kata alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na aibu ya kusema sioni, nikasaini. Ilikuwa barua ya kukubali kwamba kijiji changu kimoja hakihitaji kisima. Watu wa kule walipokuja kunishukia nilijificha stoo, nyuma ya magunia ya karanga. Tangu siku ile, miwani niliining'iniza shingoni kwa kamba, na karatasi yoyote niliisoma kwa sauti, neno kwa neno, hata kama waheshimiwa wenzangu walisinzia. Kuna aliyeniita mheshimiwa Kipaza Sauti. Sikujali. Msione aibu kusoma polepole.

Pili, soda. Ukishakuwa diwani, kila duka unaloingia soda inafunguliwa kabla hujakaa. Kulikuwa na Mhindi mmoja mjini, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mwema kabisa, kazi yake kunifungulia soda. Siku moja akasema, "Mheshimiwa, ile takataka mbele ya duka langu, manispaa hawapiti." Wala hakuwa na nia mbaya. Lakini nilizihesabu zile soda zote nilizokunywa. Nikaanza kuomba maji, tena ya mtungini. Maji hayakumbukwi na mtu.

Tatu, usikubali kuitwa pembeni. Mtu akisema "Mheshimiwa, tuongee pembeni," wewe mjibu kwa sauti, "Pembeni kuna jua, sema hapa hapa." Wengi watakumbuka ghafla wana safari.

Hayo yote niliyajua. Nimewasimulia ili mjue kwamba niliyajua, na bado niliingia shimoni.

Nyumba yangu ilikuwa na paa bovu. Bati zilizoliwa na kutu, zimezibwa kwa plastiki na mawe juu. Masika ikifika, Nyamizi alipanga masufuria chumbani, moja hapa, moja pale, tukilala katikati kama watu wanaolinda mtego. Kwenye mikutano walinitania: "Diwani anatuahidi zahanati, yeye mwenyewe anaogeshwa na Mungu kitandani!" Nilicheka nao, ila iliniuma.

Zahanati yenyewe ndiyo ilikuwa ndoto ya kata. Kiwanja tulikipata kando ya barabara kuu, pakavu, pameinuka. Wananchi walifyatua tofali na kuzichoma wenyewe. Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja, Kabula, ambaye dada yake alijifungulia juu ya mkokoteni wa ng'ombe akipelekwa mjini, na mtoto hakufika. Kabula hakulia mbele za watu. Alichukua jembe akaanza kuchimba udongo wa tofali peke yake, kesho yake wakawa kumi, wiki ile ile kata nzima ilikuwa na matope mpaka magotini.

Basi, mwaka wa mwisho wa kipindi changu cha tatu, akaja Kibwana.

Kibwana alikuwa mfanyabiashara wa mafuta na malori, mpwa wa yule yule Bi. Mwanahawa wa msibani. Mtani wangu halali kabisa. Alikuja saa ya chakula, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu, nikamsogezea sahani ya matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha.

Akala, akashukuru, akamsifu Nyamizi. Kisha akatazama juu. "Mzee, nimeona paa lako, nimehuzunika. Sisi si watani? Nitakuletea bati. Ni utani wetu tu, usihangaike kuandika popote."

Hakuomba kitu. Hakutaja kiwanja wala kikao. Kesho yake gari dogo likashusha bati ishirini na nane, mpya, zinang'aa mpaka kuku wakakimbia. Nikajiuliza kidogo. Nikajijibu: mtani huchukua, na mtani huleta. Baba alisema huna ruhusa ya kununa. Nikapanda juu nikapigilia misumari mwenyewe, huku naimba.

Masika ile tulilala wakavu. Nyamizi aliyarudisha masufuria jikoni, akasema mvua juu ya bati mpya inasikika kama makofi. Nami nililala nikipigiwa makofi miezi mitatu.

Kisha kabrasha la kikao likaja. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti kama kawaida yangu, Nyamizi akichambua mchicha. Ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja cha zahanati kuwa kituo cha mafuta. Zahanati ipewe kiwanja kingine kule mbugani, mahali ambapo masika vyura wanaogelea. Mwombaji, Kibwana.

Nyamizi akaacha mchicha. Akatazama juu. Mimi pia nikatazama juu.

Jioni Kibwana akapiga simu, bado na ile sauti ya adabu. "Mzee, lile jambo letu lipo kwenye kabrasha."

"Jambo letu lipi?"

"Mzee na wewe," akacheka kidogo, "si unalala vizuri siku hizi?"

Nikaenda mjini kwa Bi. Mwanahawa. Alikuwa mzee sasa, kakaa mkekani anachambua mchele, macho yana ukungu ila ulimi ule ule. "Nani huyo ananuka tumbaku? Mnyamwezi! Umekuja kubeba nini leo?"

Nikamweleza yote. Nikamwomba amseme mpwa wake, maana utani sasa unataka kuharibu kata. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza, "Alipokuletea hizo bati, alikutukana?"

"Hapana, bibi. Alisema shikamoo."

Mkono ukasimama. "Kibwana? Alikwambia wewe shikamoo?"

"Na viatu alivua."

"Aliimba? Aliita majirani? Alisema mbele za watu, tazameni, namwezekea mpumbavu huyu asiyejua kujenga?"

"Hapana. Alisema nisiandike popote."

Yule mama akacheka mpaka ungo ukatikisika na mchele ukamwagika. "Ewe mjinga wa Kinyamwezi! Mimi nilichukua asali ya mjomba wako, kata nzima ikaniona, mpaka leo wananiita mwizi, na mimi natembea kichwa juu. Sasa wewe umeletewa kitu kimya kimya, kwa adabu, na mtu amevua viatu, na bado unasema umetaniwa? Huyo hakuja kama mtani. Alikuja kama mnunuzi. Na wewe ulimwuzia huku unamlisha matobolwa!"

Nilikaa pale mkekani kama mtoto aliyekojoa darasani. Miaka yote ile nilishika neno moja la baba, kwamba usinune, nikasahau nililoliona kwa macho msibani: kibuyu kichwani, jua limewaka, sauti inafika kwa majirani.

"Nifanye nini, bibi?"

"Mtanie," akasema. "Lakini ufanye sawasawa. Unatia aibu."

Kesho yake asubuhi nilisimamisha ngazi. Nyamizi akatoka na kanga begani, akaniamkia. "Mwangaluka, baba. Umeanza wazimu?"

"Naezua."

Mawingu ya mvua za mwishoni yalikuwa yanajikusanya upande wa Tura. Nilidhani atalia, kumbe aliishika ngazi. "Anza upande wa jikoni," akasema, "chumbani tumalizie, nitoe godoro."

Majirani wakaja, wakauliza, nikawaeleza nikiwa juu ya paa, kwa sauti, bila kubakiza. Nilikula bati za Kibwana. Zimewekwa ili nisiseme. Mzee mmoja akatema mate. Kabula alinigeuzia mgongo akaondoka, nikasema moyoni, huyu nimempoteza.

Saa moja baadaye alirudi na wanawake kumi na tano kutoka kwenye tofali. Kila mmoja akaviringisha kanga kichwani iwe ngata ya kubebea. "Leteni bati," akasema. Tukajipanga mstari mmoja, bati juu ya vichwa, tukaingia njia ile ile ya zamani waliyopita wapagazi, na mtu akaanzisha wimbo wa kubebea mizigo ambao sikuwa nimeusikia tangu enzi za bibi yangu. Tulipofika mjini, tulikuwa umati. Bi. Mwanahawa alikuwa mbele, anashikiliwa na mjukuu wake, na kwa kweli alikuwa anachechemea kwa mguu wa kushoto, sijui ni uzee au ni mjomba.

Kibwana akatoka ofisini kwake. Akaona bati zinang'aa barabara nzima. Akanisogelea, kwa sauti ya chini: "Mzee, shikamoo. Twende ndani tuongee."

"Ndani nimechoka, wewe mla papa uliyeoza!" nikapaza. "Nimekaa ndani masika nzima! Leo nataka jua! Watu wa Tabora, mtani wangu huyu ni mwoga, hajui hata kutukana! Aliniletea bati kwa kunyata kama paka wa msikitini!"

Wazaramo wenzake wakapiga yowe la furaha. Mmoja akamwambia, "Kibwana, mjibu! Unatudhalilisha!" Bi. Mwanahawa, shangazi yake, akampokonya kofia, akaivaa yeye. Kibwana akabaki anasema, "Lakini zimetobolewa misumari, hizi..."

"Mvua ikipenya," nikamwambia, "utanikumbuka." Tukazilaza mlangoni kwake, moja moja, mpaka ya ishirini na nane.

Mnadhani yaliishia hapo? Mimi pia nilidhani. Njiani kurudi Kabula akanishika mkono. "Baba, kesho ndiyo kikao. Umesharudisha. Sasa kaa kimya, upige kura. Madiwani wamegawanyika karibu sawa. Bila kura yako tumekwisha."

Nilikuwa na kile kitabu cha maadili ya madiwani, jalada limeliwa na mchwa, ila ukurasa ule nilikuwa naujua. Diwani mwenye maslahi katika jambo anatangaza, kisha anatoka nje, jambo lijadiliwe asiwepo. Hakikusema "isipokuwa amerudisha." Hakikusema pia "isipokuwa anataka kupiga kura nzuri."

Usiku ule mvua ilinyesha, nasi tulijikunyata jikoni chini ya kipande cha turubai. Sikuwaza zaidi ya jambo moja. Nikikaa kimya tukashinda kwa kura moja, na kura hiyo ni yangu, Kibwana atasimama asubuhi inayofuata aseme diwani huyo nilimwezekea nyumba mimi, futeni kura yake. Na atakuwa amesema kweli. Zahanati ya Kabula itakuwa imesimama juu ya paa langu. Nikitoka, huenda tukashindwa pale pale. Sikupata jibu tamu. Nilipata tu lile la kitabu.

Kikao kilikuwa cha mwisho kabla baraza halijavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Ukumbi umejaa, Kabula na wenzake nyuma, Kibwana upande mwingine bila kofia. Ajenda ikasomwa. Nikasimama, koti langu bado bichi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maslahi katika jambo hili. Natangaza, kisha natoka."

Nyuma nikasikia Kabula ananong'ona, "Kaa, baba. Kaa."

Mwenyekiti akainua mkono. "Mheshimiwa, mji mzima tumekuona jana. Umesharudisha. Keti, tuendelee."

"Bati nimerudisha, Mheshimiwa," nikasema. "Ila usingizi niliolala chini yake sijui namna ya kuurudisha."

Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha. Nikaweka kabrasha mezani, nikatembea kuelekea mlangoni, na ule ukumbi sikujua kuwa mrefu vile. Sikumtazama Kabula. Sikuthubutu.

Nikasimama nje kwenye veranda, mikono nyuma. Nikasema, basi, nimeiua zahanati kwa maadili yangu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mheshimiwa mmoja wa kata za kusini, mtu mnene, anajifuta jasho. Tukatazamana.

"Wewe nini?" nikauliza.

"Simtanki," akasema kwa aibu. "Lita elfu mbili. Alisema ni utani."

Kabla sijajibu, mlango tena. Mwingine, huyu alikuwa amebishana sana kwenye kamati kwamba mbugani ndiko kuzuri. "Mbuzi wawili," akasema bila kuulizwa. "Alivua viatu."

Wa tatu akatoka, wa nne, wa tano. Kila mlango ukifunguka nilisikia ndani mtu anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nami natangaza," na kicheko kinapanda juu ya kingine. Tukajaa kwenye veranda kama abiria waliokosa treni. Nikaanza kuhesabu nyuso, mara nikaelewa. Wote waliokuwa upande wa kituo cha mafuta walikuwa hapa nje na mimi. Ndani walibaki wale ambao Kibwana hakuwahi kuwavulia viatu, na walitosha kwa kikao.

Yule wa simtanki akasema, "Mzee Maganga, umetuponza wote. Ulipotoka tu, ukumbi mzima ukaanza kututazama sisi."

"Nimewaezua tu," nikamwambia.

Nikashuka ngazi. Nilikuwa katikati ya uwanja niliposikia meza zinapigwa, ngumi kwa ngumi, kisha vigelegele, na juu ya vigelegele vyote sauti ya Kabula. Watoto wenu mnaowapeleka kuchanjwa pale barabarani, pakavu, pameinuka, wamepelekwa na kelele zile.

Mlinzi wa getini akaniita, "Mheshimiwa, wanakutafuta! Na kofia yako umeiacha ndani!"

"Atavaa atakayekuja," nikasema.

Mawingu yalikuwa yamerudi, na Nyamizi alikuwa peke yake na masufuria. Nikavuka barabara, nikashika njia ya nyumbani, na ukumbi ule sijaukanyaga tena.